Nilivyopigwa bao na i5: i7-6600U na i5-8350U kwenye meza moja, Mwanga Kigoma

Nina kisteshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, chumba kimoja cha bati, printa mbili, mashine ya laminesheni na benchi la wateja, afu usiku nikishafunga nakaa naedit video za harusi na sendoff. Miaka miwili yote nimekua natembea kifua mbele mtaani kwa sababu moja tu, laptop yangu ni i7, yaani prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ni ya cheo cha juu kuliko i5. Mtu akija na laptop yake inamsumbua, kabla hata sijaishika namuuliza "yako ni i ngapi?", akisema i5 namuangalia kwa huruma kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Sasa leo naandika hii rivyuu nikiwa nimeshashushwa mabega.

Mashine zenyewe ni ndugu wa ukoo mmoja. Yangu ni laptop ya HP EliteBook 840 G3, used, ndani ina prosesa ya Intel Core i7-6600U. Niliagiza Kariakoo kupitia binamu yangu, ikaja na basi imeviringishwa kwenye blanketi, laki 6 na 80 taslimu. Na nakumbuka kabisa siku ile binamu alinipigia simu akiwa dukani akasema kaka hapa kuna mbili, hiyo i7 na kuna G5 ya i5 laki 6 na 20, nichukue ipi, na kwa nyuma namsikia muuzaji anapaza sauti "mwambie bosi achukue i7, hiki ni chuma, i5 ni za wanafunzi hizo". Elfu 60 niliiongeza nikiwa nacheka mwenyewe.

Ya pili ni ya mdogo wangu. Amerudi likizo kutoka chuo na 840 G5 yenye Core i5-8350U, kainunua juzi tu kwa laki 5 na nusu maana bei zimeshuka, akaja nayo dukani akitaka nimuwekee programu. Nikampokea vizuri, nikamtania kidogo kuhusu i5 yake, nikachomeka flashi. Wakati programu zinaingia yeye kafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, kaenda sehemu ya Performance, akabonyeza kitufe cha kulia kwenye ile grafu akachagua ionyeshe kila kimoja peke yake, afu akageukia mashine yangu akafanya hivyohivyo. Kimya kidogo. Afu akaniambia:

"Kaka, mbona yako ina viboksi vinne na yangu vinane?"

Nikamwambia hayo mambo ya Windows tu, we subiri programu ziingie. Nilikua namdanganya, au tuseme nilikua najidanganya, kwa sababu usiku nilipofika nyumbani sikulala, nilikaa na simu nasoma habari za prosesa mpaka bando likaisha.

Kumbe ishu iko hivi. Hiyo namba ya mbele, i3, i5, i7, inakuambia cheo ndani ya darasa moja. Haikuambii darasa. Darasa liko kwenye zile tarakimu za baada ya kistari. i7-6600U, hiyo 6 ya kwanza maana yake jenereshani ya 6, yaani toleo la sita, ilitoka 2015. i5-8350U ni jenereshani ya 8, ya 2017. Kwahiyo kusema i7 inaipita i5 bila kutaja jenereshani ni sawa na kusema mwanafunzi wa kwanza darasa la nne anamshinda wa tano darasa la saba, inawezekana, ila usiweke hela.

Na kati ya 2015 na 2017 kuna jambo kubwa lilitokea ambalo sisi wa mashine za used lilitupita kabisa. Mpaka jenereshani ya 7, prosesa zote za Intel za laptop nyembamba, zile zinazoishia na herufi U, iwe i5 iwe i7, zilikua na viini viwili tu, wenyewe wanaviita core. i7 yenye U ya miaka ile tofauti yake na i5 mwenzake ilikua ni spidi kidogo na kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, MB 4 badala ya 3, basi. Agosti 2017 Intel wakatoa jenereshani ya 8 ya U, wakaweka viini vinne, na umeme wanaoutangaza ni uleule, wati 15. Kwahiyo i7 yangu ina viini 2, kila kimoja kinabeba kazi mbili kwa mpigo, jumla 4. i5 ya dogo ina viini 4, jumla 8. Hivyo ndio vile viboksi.

Kwa wa hapa nyumbani ntaiweka hivi. Boti limefika Kibirizi limejaa magunia ya dagaa na madumu ya mawese. i7 yangu ni vibarua wawili wanaokimbia. i5 ya dogo ni vibarua wanne wanaotembea haraka kidogo. Kama mzigo ni gunia moja, hao wanne watatu watakaa kivulini wanatafuna muwa na huoni tofauti yoyote, pengine yule anayekimbia anafika wa kwanza. Ila kama ni boti zima, ndugu yangu, hesabu unaijua. Na hiyo habari ya kubeba kazi mbili kwa mpigo ni kibarua ambaye wakati anasubiri dumu lake lijazwe ananyakua kigunia kidogo pembeni, inasaidia lakini haimgeuzi kuwa watu wawili.

Kuna mtego mwingine hapo ambao mimi mwenyewe ningeingia. Ukisoma makaratasi, i7-6600U imeandikwa gigahezi 2.6 na i5-8350U imeandikwa 1.7. Muuzaji akikuonyesha hizo namba mbili utamwambia funga hiyo 2.6 haraka. Lakini hiyo ni spidi ya chini wanayokuhakikishia, zote zinapanda zenyewe zikipata kazi, ya kwangu mpaka 3.4 na ya dogo mpaka 3.6. Na kiini chenyewe kimoja kwa kimoja ni kama kilekile, Intel hawakukibadilisha sana kati ya hizo jenereshani, walichofanya ni kuongeza idadi.

Basi nikasema maneno matupu hayavunji mfupa, tupime.

Jumamosi mchana, duka halina watu, nikaziweka zote mbili kwenye meza ya kukatia karatasi. Nilitaka haki itendeke kwahiyo nikamuazima fundi wa jirani RAM mbili za GB 8 kila moja, DDR4, nikawa natoa huku naweka kule, kila mashine inapimwa na GB 16 zilezile (kwenye yangu zinakimbia 2133 na kwenye ya dogo 2400, hiyo ni mipaka ya prosesa zenyewe, sina la kufanya). Kazi yote nikaiweka kwenye SSD (diski ya kasi) moja ya nje. Kitu kimoja tu sikuweza kufananisha, yake ina Windows 11 na yangu 10, ntakuja hapo baadae. Simu pembeni kwa ajili ya kupima muda, na programu ya HWiNFO ikiwa wazi nione prosesa inafanya nini.

Kazi ya kwanza nikachukua harusi ya Ujiji, dakika 40, Full HD, nikaibana na HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video, kwa kutumia prosesa tupu bila msaada wa grafiki, kile kipande kinachoshughulikia picha. i7 yangu dakika 31. i5 dakika 20.

Nikasema labda HandBrake ina upendeleo. Nikafungua Premiere, programu ninayoeditia, harusi ileile yenye rangi nilizoweka, maandishi, na vile vimaua vya kupita pita ambavyo mama wa bibi harusi alivitaka kwa lazima, nikarenda, yaani nikaiambia itoe video kamili. i7 ikatumia saa 1 na dakika 48. i5 saa 1 na dakika 10. Dogo alikua amekaa kwenye benchi la wateja anakula mhindi wa kuchoma, hasemi kitu, anaangalia tu juu kwenye bati.

Ila kilichonifurahisha, na hapa ndio nilijifunza zaidi kuliko hata kwenye muda, ni kuangalia spidi zinavyokwenda. i5 ikianza kazi nzito inaruka juu, gigahezi 3 na pointi kadhaa viini vyote vinne, unasema leo leo, afu baada ya kama nusu dakika inashuka ghafla inatulia kwenye 2.4 hivi na inabaki hapohapo mpaka mwisho. Mwanzo nilidhani imechemka. Kumbe ndivyo zilivyotengenezwa, zinaruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi afu zinarudi kwenye wati 15 zao. i7 yangu yenyewe ilikua imekaa 3.1 muda wote, haitetereki. Yaani kwa kuangalia namba ya spidi, mashine yangu ilikua inakimbia zaidi kuliko ya dogo kwa karibu saa nzima, na bado inashindwa! Chukua 3.1 zidisha kwa viini 2, unapata 6.2. Chukua 2.4 zidisha kwa 4, unapata 9.6. Gawanya. Inatoka moja na nusu na kidogo, na ukigawanya 31 kwa 20 inatoka vilevile, na 108 kwa 70 vilevile. Sijawahi kuona hesabu ya kitabuni inakubaliana na meza yangu namna hiyo, nikamuita hadi jirani wa duka la mawese aje aone, akaangalia akasema sawa, akaenda zake.

Sasa isionekane i5 imeshinda kila kitu. Photoshop, kazi yetu ya kila siku ya paspoti saizi, kukata picha, kubadili rangi ya nyuma iwe bluu, kupanga nane kwenye karatasi moja, hakuna tofauti ninayoweza kuapa kwamba nimeiona. Excel nilifungua matokeo ya shule moja ya sekondari, wanafunzi zaidi ya 300, nikabadilisha fomula za madaraja zijipange upya, zote zikakoroga kidogo zikamaliza pamoja. Barua, PDF, kuskani, kuprinti, ni yaleyale. Hizo ni kazi za gunia moja, kibarua mmoja ndiye anayebeba na wengine wanaangalia. Na hata kwenye video, ukiiambia Premiere irende kwa kutumia kile kipande cha grafiki kilichomo ndani ya prosesa badala ya viini vyenyewe, pengo lilipungua sana likabaki dakika chache. Ubora wa picha kwa jicho langu ulikua chini kidogo kwenye sehemu za giza, ila mteja anayeitaka ya kurusha WhatsApp hajui na hatajua.

Halafu kuna hili la iPhone, ambalo hata kama mambo yote mengine yangekua sare lingetosha kunifanya nibadilishe mashine.

Siku hizi kwenye sendoff kamera yangu haiko peke yake. Kila shangazi ana simu, na wenye iPhone kuanzia 12 kwenda juu, simu inarekodi yenyewe ile HDR yenye rangi na mwanga mwingi zaidi, video iliyobanwa kwa mfumo unaoitwa HEVC wa biti 10, wengi wao hata hawajui. Wiki iliyofuata mama mmoja wa Katubuka kaniletea klipu zake kwenye flashi, "mwanangu uniwekee na hizi, hapo ndio nacheza na mkwe wangu". Nikaifungua kwenye i7. Mama anacheza, anaganda mguu juu, sauti inaendelea, anaruka mbele hatua tatu, anaganda tena. Prosesa imegonga 100, feni inalia kama kinu. Mama yuko nyuma ya bega langu anauliza "mbona nacheza hivyo?" Nikamwambia mama ni mashine. Akasema lakini ulisema hii ni nzuri.

Nikachukua flashi ileile nikaichomeka kwenye ya dogo. Ikacheza kama maji, prosesa iko chini kabisa imepumzika. Sababu si viini safari hii. Grafiki ya ndani ya jenereshani ya 6, HD 520, haina mtambo kamili wa kufungua HEVC ya biti 10, kwahiyo mzigo unaangukia viini viwili maskini. Kuanzia jenereshani ya 7 mtambo huo umo, na UHD 620 ya i5-8350U inao. Kitu kidogo ambacho hakiandikwi kwenye stika wala muuzaji hakijui, ila ndicho kimenifanya nione aibu mbele ya mteja.

Joto nalo tuliseme maana Kigoma hii na bati hili. Mwezi wa 9 saa nane mchana chumba changu ni tanuri. Mashine zote mbili zinachemka ukizipa kazi ndefu na hapo usinitegemee nimtetee yeyote. Yangu ilikua inafika mahali kibodi huwezi kuweka mkono upande wa kushoto, ikawa inapunguza spidi yenyewe kabla hata ya kupimwa, kwahiyo wiki moja kabla nilimpelekea fundi akaifungua, akatoa vumbi lililokua limeganda kama blanketi kwenye feni, akapaka ile pesti mpya juu ya prosesa, elfu 15. Baada ya hapo ndio ikaweza kukaa 3.1 bila kutetereka. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanalaumu prosesa kumbe wanakalia vumbi la miaka 8. Ya dogo haikufunguliwa na bado ilikua inapumua vizuri, ila nayo baada ya saa nzima ya kurenda unaweza kuchemshia chai.

Na umeme. Wakubwa wenzangu mnakumbuka mji wetu ulivyokua ukiishi kwa jenereta za dizeli, sasa hali si ile ila umeme kukata bado tunajuana nao. Siku moja nikiwa katikati ya kurenda kwenye i5 umeme ukaenda, nikasema acha tuone. Ikaendelea na betri, ikamaliza, ikabaki na chaji ya kurusha kazi kwenye flashi. Siwezi kusema prosesa ndio iliyofanya hayo kwa sababu betri ya dogo ni changa na yangu imechoka, ila kuna ukweli mmoja, wati zikilingana, anayemaliza kazi mapema ndiye anayekula betri kidogo. Dakika 38 za kurenda ambazo hazipo ni dakika 38 ambazo betri haijaliwa.

Sasa Windows. Hapa ndipo i7 yangu ilipokufa kabisa, hata kama ingekua na mbio kiasi gani. Microsoft walifunga rasmi huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel wanataka kuanzia jenereshani ya 8 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache. i7-6600U iko nje ya mlango. i5-8350U iko ndani, kwa tarakimu moja tu. Ndio najua kuna njia za kuipenyeza, mafundi wetu wanafanya kila siku, na mimi mwenyewe nimeshawafanyia wateja na inatembea. Ila ni mashine unayoishi nayo kwa wasiwasi, kila sasisho kubwa likija unashika roho.

Kwa wanaotaka kununua naomba mnisikilize kabla hamjatuma hela kwa mtu. Jina la mashine nalo halitoshi. Hizo 840 G5 zipo zilizotoka kiwandani na i5-7200U au i5-7300U ndani, viini viwili, jenereshani ya 7, na kwa nje ni G5 hiyohiyo inang'aa. Ukisema tu "nataka G5" unaweza kuletewa hiyo ukalipa bei ya nyingine. Stika usiisome kabisa, stika inabanduliwa na kubandikwa kama paspoti saizi. Mwambie muuzaji awashe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende Performance, akupigie picha panapoandikwa jina la prosesa na chini yake Cores na Logical processors. Akikuambia mashine haina chaji, we mwambie basi tutaongea ikishachajiwa.

Na si kila i7 ya zamani ni kama yangu. Zile zenye herufi HQ mwishoni, mfano i7-6820HQ, hizo zina viini vinne tangu 2015, ni wanyama kweli, ila zinakula wati 45 na zimo kwenye mashine nene nzito, na Windows 11 zina tatizo lilelile la kwangu. Upande wa AMD pia kuna mtego, Ryzen 5 2500U ina viini vinne vizuri tu na kwa grafiki inaizidi hiyo UHD 620, lakini haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kuingia ni 3500U. Na ukikutana na 840 G5 mbili, moja i5-8350U nyingine i7-8650U, muuzaji anataka laki nzima zaidi, mi nisingeitoa. Zote viini vinne, hiyo i7 inapata MB 8 za kumbukumbu ya ndani badala ya 6 na inapanda mpaka 4.2, lakini kwenye kazi ndefu zote zinarudi kwenye wati 15 zilezile kwahiyo unalipia ile nusu dakika ya kwanza. Laki hiyo weka RAM.

Kama kazi yako ni barua, paspoti, kuprinti na YouTube, na tayari una i7 ya jenereshani ya 6 yenye SSD na GB 8, usiitupe kwa sababu yangu. Kama bado haina SSD, weka SSD kwanza kabla ya kuwaza prosesa nyingine. Lakini ukigusa video, hata za harusi tu za kawaida, au unaanza kununua leo na hela yako iko mkononi, kati ya hizi mbili chukua i5-8350U na wala usiangalie nyuma.

Mi nilijaribu kumshawishi dogo tubadilishane, nimpe i7 na elfu 50 juu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka si ulisema hizi za kwetu ni za wanafunzi? Acha mwanafunzi nibaki nayo." Akapanda basi akaondoka nayo. Ikabidi niagize ya kwangu, safari hii picha ya Task Manager ilikuja kwanza ndipo hela ikaenda.

i7 sasa iko kwenye meza ya printa, inafanya paspoti na barua za maombi ya kazi na inazifanya vizuri kabisa. Nilibandika karatasi "INAUZWA, LAKI 3 NA NUSU". Juzi kaja mwalimu mmoja, kaiona stika, macho yamemtoka, akasema i7 kwa laki 3 na nusu? Nikamkalisha, nikamfungulia Task Manager, nikamuonyesha viboksi vinne, nikamueleza habari ya vibarua wa Kibirizi na mama aliyeganda mguu juu, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, afu akasogea karibu akaniambia kwa sauti ya chini:

"Sawa fundi nimekuelewa. Ila hiyo stika ntaondoka nayo, si ndio?"